Anamjua Onix, hamjui kipunji

Kila aliyecheza Pokémon za mwanzo anaukumbuka mji wa Pewter. Umetoka kijijini na mnyama mmoja uliyepewa na profesa, umekatiza msitu wenye viwavi, umewashinda watoto wawili watatu njiani, na kichwa kimeshaanza kuvimba. Unaingia ukumbini kwa Brock, bosi wa kwanza wa gemu hiyo. Anatoa Geodude, jiwe lenye mikono, levo 12. Ukimmaliza huyo anakuja Onix, levo 14, nyoka mrefu wa majabali yaliyoungana, mkubwa kuliko kiumbe chochote ulichokutana nacho hadi hapo. Kama mwanzoni ulimchagua Charmander, yule mjusi mwenye moto mkiani ambaye watoto wengi humtamani, hapo ndipo unapoyajua yako. Kucha zake zinakwaruza mwamba tu. Moto wake unaingia kwa nusu ya nguvu. Uhai wa Onix unapungua kidogo kidogo, wako unakwenda mbio. Mjusi anazirai, nusu ya pesa zako zinapotea, na unajikuta umerudi kwenye kituo cha matibabu ya wanyama. Ukijaribu kutoka mjini kwa barabara ya mashariki kabla hujampiga Brock, kuna kijana anakuzuia na kukurudisha mpaka mlangoni pake. Njia ya panya haipo.

Nasema bila kusita: huyu bosi wa kwanza ni mmoja wa walimu wazuri waliowahi kutengenezewa watoto. Wazazi, walimu wa sayansi na vijana wanaosomea kompyuta huku Nyanda za Juu Kusini tungepaswa kumtazama kwa makini, maana anachokifundisha tunakihitaji sana, na vya kukifundishia tunavyo kuliko hata wale waliombuni.

Nyuma ya umbo lile la kutisha kuna namba. Ulinzi wa msingi wa Onix ni 160, kiwango ambacho katika gemu ile wanakifikia viumbe wachache mno. Lakini nguvu yake ya kushambulia ni 45, ndogo kuliko ya mjusi wako mwenye 52. Uhai wake ni 35. Na kwa mapigo kama ya maji, majani, moto na akili, kinga yake ni 30 tu. Kwa hiyo anatisha kwa umbo, mkono wake mwepesi, na ngozi yake ina tundu. Tundu hilo hulioni kwa kumkodolea macho, wala hulipati kwa kurudia pigo lile lile kwa hasira. Kama mwanzoni ulimchagua Squirtle, akimpulizia mapovu ya maji, pigo linaingia mara nne, kwa kuwa Onix ni mwamba na ni ardhi pia, na vyote viwili vinashindwa na maji. Bulbasaur, mwingine wa kuchagua mwanzoni, akifika levo 13 anapata mjeledi wa majani, na kazi imekwisha. Aliyewachagua hao anapita hapo karibu bila kujifunza kitu. Anayesoma ni mwenye mjusi.

Mwenye mjusi inambidi arudi porini. Kwenye msitu wa Viridian, ule alioukatiza mbio, kuna kiwavi wa kijani anayeitwa Caterpie. Ni dhaifu kupindukia. Anachojua ni kujigongesha na kutema uzi, na wachezaji wengi humpita kama hawakumwona. Ukimkamata na kumlea, akifika levo 7 anajifunga na kuwa Metapod, pupa asiyejifunza lolote jipya ila kujikaza. Mtoto asiye na subira anamtupa hapo. Levo 10 anatoka kipepeo, Butterfree, na levo 12 anapata pigo la akili linalouruka ulinzi wote ule wa mawe na kumfikia Onix kwenye ile kinga ya 30. Kipepeo anamwangusha nyoka wa majabali. Watoto wetu wanakariri darasani yai, lava, pupa, mdudu kamili, wanaandika kwenye mtihani, wanasahau. Aliyemlea Caterpie amengoja, amehesabu levo, ameelewa kwa nini pupa hapigani na kwa nini inafaa kumvumilia.

Toleo la Yellow, lililotoka Japani mwaka 1998, lilikaza zaidi. Huko huna la kuchagua, unapewa Pikachu, na umeme wake haumgusi Onix hata chembe. Inabidi mchezaji aiache njia kuu, aende magharibi mwa Viridian akamtafute Mankey, kinyani mwenye hasira anayejua kupiga teke, au arudi kwa kiwavi yule yule. Mwaka 2004 gemu ilipotengenezwa upya kwa jina la FireRed, Charmander akawekewa kucha za chuma kuanzia levo 13. Waliwahurumia watoto. Naona walikosea, kwa sababu walimwondolea mwenye mjusi sababu ya kurudi msituni, na msituni ndiko kwenye utamu wote.

Mambo haya yana chimbuko lake. Satoshi Tajiri, aliyeibuni Pokémon, alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, enzi ambazo bado palikuwa na mashamba, vijito na madimbwi. Alikuwa mtoto wa kukamata wadudu, mpaka wenzake wakamwita daktari wa wadudu. Kadiri alivyokua, madimbwi yakafukiwa, miti ikakatwa, yakapanda majumba, na akaona watoto waliomfuata hawana tena pa kufanyia kile alichokifanya yeye. Gemu ya kwanza, iliyotoka Japani Februari 27, 1996 kwa ajili ya Game Boy, ikiwa na viumbe 151, ilikuwa njia yake ya kuwarudishia. Waya wa kuunganisha Game Boy mbili ulimfanya awaze wadudu wakitembea ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Moja ya gemu zilizouzwa sana duniani imetokana na uchungu wa mtu juu ya madimbwi ya kwao. Ndiyo maana bosi wake wa kwanza anashindwa na mtoto aliyekwenda kuokota kiwavi.

Sasa tuje Mwanjelwa, Mbeya, na Kihesa, Iringa. Game Boy yenyewe huku wachache waliishika. Kwenye vibanda vya gemu zilizotawala ni PlayStation, na wanaume wanacheza mpira na kupigana ngumi kwa kulipia muda. Pokémon iliingia kwa mlango wa simu: emuleta moja, yaani programu ya kuigiza Game Boy, faili dogo, linarushwa kutoka simu hii hadi ile, na mtoto anacheza kwenye kioo chenye ufa kwa simu aliyoazima kwa kaka yake. Tena anacheza kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali, anayesoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili, hawezi kufuata ushauri wa yule bwana aliyesimama mlangoni kwa Brock akieleza namna ya kupanga kikosi. Anabonyeza, maneno yanapita. Kinachobaki ni macho yake: pigo hili limekata uhai kiasi gani, lile limekata kiasi gani, huyu akitoka kwanza inakuwaje.

Kihesa nilimkuta mvulana wa darasa la sita akimwelekeza mdogo wake juu ya ngazi za duka lililofungwa. "Dogo, usimpige na moto, huyo jiwe. Toa kipepeo. Kipepeo anampiga akili." Nilimuuliza alijuaje. "Nimejaribu wote, anko," akasema, bila kuinua macho. Kajaribu wote, kashindwa, kalinganisha, kapata jibu, na sasa anamfundisha mwenzake. Katika maabara tungeliita hilo jina kubwa zaidi. Nikamuuliza kama anamjua kipunji. Akafikiri kidogo, akaniuliza ni wa toleo gani.

Sikumcheka na simlaumu. Kipunji anaishi katika mkoa ule ule aliokaa yeye, na hakuna mtu aliyewahi kumpa sababu ya kumtafuta.

Kipunji ni kima mkubwa wa kahawia, uso mweusi, manyoya marefu ya kuzuia baridi ya milimani, na kishungi kilichosimama kichwani. Duniani yuko sehemu mbili peke yake: misitu ya Rungwe na Livingstone, kule Mbeya na mpakani na Njombe, na msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mamia ya kilomita ambamo hayupo kabisa. Mbeya na Iringa wamegawana mnyama ambaye ulimwengu mzima uliobaki hauna.

Na namna alivyopatikana inastahili kusimuliwa shuleni kila mwaka. Mwaka 2003 watafiti wa WCS, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, walikuwa wakizunguka vijiji vya mlima Rungwe wakiwauliza wawindaji na wazee habari za wanyama wa msituni. Wakatajiwa kima mwenye haya, kipunji. Wakabaki njia panda. Katika masimulizi ya Wanyakyusa wamo wanyama wa kweli na wamo wanyama wa mizimu, na msimulizi hana desturi ya kukutenganishia. Huenda kipunji alikuwa kiumbe cha hadithi tu. Walipanda, wakaona kivuli kikiruka kwenye majani, wakarudi tena, na mwisho wa mwaka huo wakamwona sawasawa. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, likifanya kazi zake Ndundulu, likamwona kima yule yule. Mwezi Mei 2005 makundi yote mawili yakamtangaza pamoja katika jarida la Science, na miongoni mwa majina yaliyoandikwa pale juu wamo Watanzania wawili, Noah Mpunga na Sophy Machaga, pamoja na Trevor Jones, Tim Davenport na wenzao.

Halafu mkulima mmoja wa Rungwe akakuta kipunji amekufa kwenye mtego aliotega shamba la mahindi. Kwa mwili ule mmoja wataalamu waliweza kupima mifupa na vinasaba, wakakuta mnyama huyu yuko karibu na nyani kuliko na wale kima waliomfananisha nao mwanzo. Mwaka 2006 akapewa jenasi ya peke yake, Rungwecebus, yenye jina la mlima wetu ndani yake. Jenasi mpya ya kima wa Afrika ilikuwa haijapatikana kwa miaka 83. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilikadiria vipunji 1,117, wote kwa pamoja, Mbeya na Iringa.

Kiumbe kisichojulikana kama ni mzimu au ni mnyama. Kina mlio wake wa kubweka kama honi, kinapatikana kwenye nukta mbili tu za ramani, kinajificha kwenye ukungu hadi mita 2,450 juu ya usawa wa bahari, na wanaojua njia ya kukifikia ni wazee wa kijiji, ambao usipowauliza kwa adabu hawakwambii. Mbunifu wa gemu angeweza kukesha mwaka mzima asipate kitu kama hicho. Sisi tunacho, kinakula majani na matunda pale juu ya Tukuyu, na watoto wa Tukuyu wanakamata viumbe wa Japani.

Wala kipunji hayuko peke yake. Mwaka 1991, kambini Ndundulu, watafiti kutoka Denmark walichungulia sufuria ya mboga wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Hivyo ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye vitabu. Mwaka 1994 akapewa jina la kisayansi, na ikaonekana jamaa zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia. Mwaka 2005 kamera iliyofungwa mtini katika msitu huo huo ilimpiga picha sange mwenye uso wa kijivu, pua ndefu kama kamkonga, uzito wa kama gramu 700, mkubwa kuliko sange wengine wote. Alitangazwa mwaka 2008. Mbeya kuna kinyonga wa Poroto, dume lake lina pembe tatu usoni kama ng'ombe aliyekosewa hesabu, na wengi wetu tumelelewa kumrushia mawe kwa kuwa tuliambiwa ni nuksi.

Kisha kuna chura wa Kihansi, ambaye habari yake mimi huwa siimalizi bila kifua kubana. Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Mufindi na Kilolo na kuporomoka kwenye ukingo wa Udzungwa. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme unajengwa, wakaguzi wa mazingira walimkuta kwenye manyunyu ya maporomoko hayo chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3. Eneo lake lote duniani lilikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa daima. Hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kiasi kwamba kimoja kinaweza kukaa kwenye kucha ya mtoto. Maji mengi yalipochepushwa kuendesha mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakata. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani. Huku nyumbani yakawekwa mabomba ya kunyunyiza, wakaongezeka kidogo, kisha ugonjwa wa kuvu ukaonekana kati yao na ghafla wakapukutika. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wale wa Marekani, waliolelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndio waliookoa ukoo. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Nikisema wanyama hawa wawekwe kwenye gemu yetu wenyewe, najua jibu la mzazi wa Uyole au Ipogolo. Mtoto asome, gemu zinaharibu. Na mzazi huyo ana sababu ya hofu yake, kwa maana amewaona vijana wakiingiza mia mbili mia mbili kwenye mashine za kamari za dubwi hadi nauli ya mama inaisha, na kwake yeye kila kinachowaka taa na kulia ni kitu kimoja. Inabidi tumsaidie kutofautisha. Mbele ya dubwi hakuna la kujifunza. Ukicheza mara elfu hujui zaidi ya ulivyojua mara ya kwanza, na mashine imetengenezwa iwe hivyo. Mbele ya Brock, aliyeshindwa leo ana jambo la kufanya kesho, na akilifanya atapita. Kumnyang'anya mtoto simu kwa sababu kijana wa jirani ameliwa na dubwi ni kumwonea. Mpe muda wa kucheza na muda wa kuacha, hilo ni lako kama mzazi, lakini kaa naye siku moja umuulize kwa nini amemtoa kipepeo badala ya mjusi. Utasikia hoja.

Malalamiko mengine yana uzito zaidi kwangu. Je, ni sawa kuwachukua wanyama hai, tena wachache waliobaki, na kuwageuza wapiganaji wa kwenye simu? Mtoto akizoea kumrushia kipunji mpira wa kumkamatia, si atatamani kumfuga? Swali hili lisipuuzwe. Ila hadithi zetu zimewapambanisha wanyama tangu enzi. Sungura hajawahi kumshinda simba kwa misuli. Humshinda kwa kujua simba anapenda nini na anaogopa nini, na hakuna mtoto aliyelelewa na hadithi hizo aliyekwenda kumchokoza simba. Mapambano yabaki. Kinachopaswa kubadilika ni namna ya kumpata mnyama. Gemu yetu iache kabisa kukamata. Mchezaji amjumuishe mnyama kikosini kwa kumtambua: nyayo matopeni, mlio alfajiri, aina ya matunda yaliyodondoka, mwinuko wa mahali, mzee gani ameulizwa na ameulizwaje. Ndiyo kazi waliyoifanya akina Mpunga na Machaga. Picha moja ya kamera ilitosha kuanzia kazi ya kumjua sange. Mchezaji naye itamtosha.

Nimemfikiria sana bosi wa kwanza wa gemu hiyo. Nampeleka Iringa mjini, juu ya Gangilonga, jabali ambalo wenyeji husimulia kwamba liliongea. Mchezaji amepanda na kikosi chake, amejiandaa kwa jitu. Juu ya jiwe amekaa pimbi.

Atamdharau, na atashindwa. Pimbi ni mdogo kama sungura, lakini jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva, na chini ya nyayo zake kuna ngozi laini yenye unyevu inayong'ang'ania mwamba. Hakai peke yake. Wenzake wanaota jua huku mmoja amesimama juu kulinda, na akipiga ukelele wote wanazama kwenye ufa. Mchezaji akimtuma chui, chui atakwaruza jiwe. Akituma nyoka, atasikiwa. Atajaribu nguvu, atajaribu kasi, atashuka mlima amekasirika. Akiwa na akili atakwenda kuuliza, na kwenye majabali ya nje ya mji atamwona tai mweusi, ndege ambaye karibu chakula chake chote ni pimbi. Hata huyo tai akitumwa peke yake mlinzi atamwona. Tai hawa mara nyingine huwinda dume na jike pamoja, mmoja anajionyesha, mwenzake anatokea mgongoni. Mchezaji akiwaweka wawili kikosini, na akapanga nani atangulie, ameshinda. Somo la kupanga kikosi, ambalo yule bwana wa mlangoni kwa Brock analisema kwa Kiingereza na watoto wetu wanalibonyeza lipite, hapa litafundishwa na tai.

Jedwali lote la nani anamshinda nani tumeshaandikiwa na misitu. Chura wa Kihansi awe na nguvu zake zote palipo na manyunyu, na mara mabomba yanapofungwa aanze kudhoofika hatua kwa hatua, ili mchezaji ahangaike kuyafungua. Kinyonga wa Poroto aone huku na huku kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndivyo macho yake yalivyo. Kipunji asipatikane bonde lolote, hata uzunguke vipi, mpaka upande kwenye baridi, na mtego wa shamba la mahindi uwe hatari kwake kuliko bosi yeyote. Mtoto atakayemaliza gemu hiyo atakuwa amesoma ikolojia ya Nyanda za Juu Kusini bila kufungua daftari, na ataijua kama yule mvulana wa Kihesa anavyomjua Onix.

Watu wa kuifanya wapo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, kinafundisha kompyuta, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanasaka mada ya mradi. Chuo cha Elimu Mkwawa, Iringa, kinazalisha walimu wa biolojia. Vyuo hivi viwili viko kwenye barabara moja kuu, basi la asubuhi linakufikisha kabla jua halijazama, na sioni kwa nini programu za huyu zisikutane na maarifa ya yule. Wacameroon wa Kiro'o Games, Yaoundé, walitoa mwaka 2016 gemu yao Aurion, yenye mapigano na hadithi iliyojengwa kwa mila za Kiafrika, na inauzwa duniani. Hapa kwetu Ubongo Kids imeonyesha tangu 2014, ikitokea Dar es Salaam, kwamba katuni ya Kiswahili inayofundisha hesabu na sayansi inapendwa na watoto wa nchi nzima na kuvuka mipaka. Siwaombi vijana wa Iyunga viumbe 151. Waanze na kumi na wawili, ramani mbili, Rungwe na Udzungwa, na faili dogo la kutosha kurushwa kati ya simu za bei rahisi, maana mtoto niliyemkuta kwenye ngazi hana bando la kupakua kitu kikubwa.

Hifadhi za taifa na taasisi za utafiti wa wanyamapori zifungue makabati. Picha za kamera za msituni, sauti zilizorekodiwa, michoro ya nyayo, vyote hivyo vimekusanywa kwa miaka mingi na mtoto wa Isongole hajawahi kuviona. Mbunifu wa gemu akija na barua ya chuo asizungushwe kama anayetafuta siri ya serikali.

Na gemu iwe ya Kiswahili tangu neno la kwanza, huku kila mnyama akibaki na jina lake la mahali: kwa Kinyakyusa pale Rungwe, kwa Kihehe pale Udekwa, upande wa Udzungwa. Majina hayo wanayo wazee. Walikuwa nayo muda mrefu kabla jarida lolote halijaandika habari za kipunji, na waliyatoa bure kwa kila mgeni aliyeuliza. Mwisho wa gemu, pale yanapopita majina ya waliochora na walioandika programu, wazee hao nao waandikwe, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake, na walipwe kama wengine.